Umaskini wa Sigalagala na Sheria Zilizouzaa

Sigalagala ni kituo cha barabarani. Anayetoka Kisumu kwenda Kakamega hukipita kabla ya kuingia mjini, na akichungulia dirishani ataona bodaboda zimejipanga stejini na vijana wenye mabegi mgongoni wakielekea chuo cha taifa cha ufundi. Mvua hapa haikosi. Udongo unakubali mahindi, maharagwe na ndizi, na chini yake, katika vijiji vya eneo bunge la Ikolomani, kuna dhahabu. Hata hivyo, utafiti wa serikali wa 2015/16, uliokuta asilimia 36.1 ya Wakenya ni maskini, uliiweka Kaunti ya Kakamega karibu kabisa na wastani huo. Turkana, yenye ukame, ilikuwa na asilimia 79.4, na Nairobi 16.7. Umaskini wa Turkana tunadhani tunauelewa. Wa Ikolomani unahitaji maelezo.

Maelezo ya haraka hutolewa matangani na barazani: watu wamezaana mno, mashamba yamekatwakatwa, vijana hawapendi jembe. Ni kweli kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti isiyozidi sana kilomita za mraba 3,000. Lakini msongamano huo nao una asili yake. Waingereza waliwawekea Waluhya mpaka wa hifadhi ya wenyeji, na ng'ambo ya mpaka huo, kuelekea Trans Nzoia na Uasin Gishu, mashamba makubwa wakapewa walowezi. Waliozaana walizaana ndani ya ua uliojengwa na wengine.

Kabla ya mpaka ilitangulia kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20, ofisa wa kikoloni C. W. Hobley akiwa Mumias, kila kibanda kilianza kutozwa. Mzee mwenye wake watatu alilipia vibanda vitatu. Nia haikuwa kujaza hazina peke yake, kwani kodi iliyodai fedha taslimu ilimlazimu mwanamume kwenda zinakolipwa, kwenye reli, kwenye mashamba ya mkonge na chai, baadaye Nairobi. Tangu hapo bajeti ya nyumba nyingi za Waluhya wa Idakho na Isukha ikategemea mshahara wa mtu asiyekuwepo, na mke akabaki na jembe, watoto na wazee.

Ndipo ikaja dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mkulima wa upande wa Eldoret, alipata chembe zake karibu na Kakamega. Wakati ulikuwa mbaya kwa kila mtu mwingine: bei ya mahindi imeanguka, nzige wamepita, walowezi wamefilisika. Septemba mwaka huo Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na bei ya madini hayo ikapanda. Mamia ya Wazungu walimiminika na mahema, wakapiga vigingi katika mashamba ya watu.

Kulikuwa na kizuizi kimoja, nacho kilikuwa cha karatasi. Sheria ya Dhamana ya Ardhi za Wenyeji ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya hifadhi ingekuwa ya wenyeji milele, na kipande kikichukuliwa kwa manufaa ya umma, kingine cha thamani hiyohiyo kiongezwe. Ahadi hiyo haikutimiza miaka 3. Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi liliirekebisha upesi: ardhi ya machimbo ingeweza kutengwa bila kuongezwa nyingine mahali pake, fidia iwe pesa, na baraza la wenyeji lisiwe lazima kuulizwa. Arkidikoni Owen wa kanisa la Anglikana huku Nyanza alipiga kelele magazetini. Lord Lugard mwenyewe, mtawala wa kikoloni ambaye hakuna atakayemwita adui wa dola ya Uingereza, aliona aibu. Suala likafika Bunge la London, likajadiliwa, na machimbo yakaendelea.

Tusiseme wenyeji hawakupata chochote. Maelfu waliajiriwa, na wengi walilipa kodi bila kwenda mbali. Akina mama waliuza unga, ndizi na kuni kwa wachimbaji, na biashara hiyo ndogo ilisomesha watoto. Lakini mgodi mkubwa, Rosterman, uliofanya kazi tangu 1935 hadi 1952, ulitoa zaidi ya wakia 250,000 za dhahabu, faida ikaenda kwa wenye hisa. Rosterman leo ni jina la mtaa wa Kakamega. Nani aliyewahi kusikia shule ya Rosterman iliyojengwa kwa faida ile?

Kilichobaki chenye manufaa kilitokana na uamuzi mwingine. Serikali ya kikoloni ilihitaji waashi na maseremala Waafrika, na Sigalagala ikawa miongoni mwa sehemu chache nchini zilizopewa shule ya ufundi, pamoja na Thika, Kwale na Machakos. Nia ilikuwa finyu: fundi ajue nyundo, mhandisi atoke Ulaya. Wanafunzi wake hawakukubali ufinyu huo, na mwaka 2016 shule iliyotokana na mpango ule ikapandishwa hadhi kuwa chuo cha taifa. Kwa maoni yangu, chuo hiki kimepunguza umaskini hapa zaidi kuliko wakia zote za Rosterman, kwa sababu ujuzi haung'olewi ukapakiwa melini.

Ila ujuzi pekee hautoshi fedha zikielekezwa kwingine. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliojiita wa ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza fedha za maendeleo penye mavuno makubwa ya haraka, na walioachwa nyuma wasubiri. Mwanauchumi Barack Obama, baba wa rais wa Marekani wa baadaye, aliukosoa mwaka huohuo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya na kugundua jambo ambalo mama muuza mboga angewaambia bure: wengi wa maskini wana kazi, tena wanafanya kazi kutwa kucha. Shida ni kwamba kazi hiyo hailipi.

Hapa ndipo Sigalagala inapokutana na dunia. Fundi umeme wa chuo hiki akibaki Khayega, hapa jirani, atalipwa kidogo. Akipanda ndege hadi Qatar, kwa mikono ileile, atalipwa mara kadhaa. Sehemu kubwa ya tofauti ya mapato duniani inatokana na nchi aliyozaliwa mtu. Ndiyo maana Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Yule baba wa kodi ya kibanda aliyekwenda mbali bado yuko mbali, safari hii na pasipoti.

Ajabu ni kwamba eneo hili limefunza dunia jinsi ya kupima tiba za umaskini. Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo, aliwahi kuwa mwalimu wa sekondari ya Eshisiru karibu na Kakamega katika miaka ya 1980. Yeye na mwanauchumi mwenzake Edward Miguel walichunguza shule 75 za Busia zilizopewa dawa za minyoo kuanzia 1998, wakaona utoro umepungua kwa robo. Hesabu hizo zilibishaniwa baadaye. Katika jaribio jingine, huko Siaya, zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na majirani ambao hawakupewa nao wakanufaika, bei za bidhaa zisipande kwa kiasi cha kutisha. Aliyesema maskini akipewa pesa atazinywa ameshajibiwa.

Dawa na pesa taslimu hutibu nyumba. Umiliki ni jambo jingine, na sasa limerudi. Vijijini Ikolomani vijana bado hushuka mashimoni kwa kamba, tochi kichwani. Mawe yakipanda, akina mama huyaponda, huyaosha kwenye karai, hukoroga tope na zebaki kwa mikono mitupu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Dalali hununua palepale kwa bei anayoipanga yeye. Wakati huohuo kampuni ya Shanta Gold, iliyonunua mradi wa eneo hili kutoka Barrick mwaka 2020, inataka kuchimba Isulu na Bushiangala. Mwaka 2025 dhahabu hiyo ilitajwa kuwa na thamani ya takriban shilingi bilioni 683, mamia ya kaya zikitakiwa kuhama, na wakazi wakapinga.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii 10. Tuseme mrabaha ni shilingi 5 kwa kila dhahabu ya shilingi 100. Nairobi itapata shilingi 3.50, kaunti shilingi 1, na wanakijiji wote kwa pamoja senti 50.

Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa tena Ikolomani, wenye mashamba wasiulize fidia ya ekari peke yake. Waulize hisa za mgodi ni za nani, na wapewe jibu kwa maandishi kabla mtu yeyote hajatia saini.