Banjo ya kwenye simu na litungu la wazee wetu

Tangu nianze kutembea na lile sanduku langu jeusi hapa Musoma, nimeulizwa maswali mpaka nimechoka. Hivi hilo dude ni gitaa? Mbona limekaa kama sufuria lenye mkia? Umeokoka nini, unakwenda kupiga kanisani? Wengine wananiambia wazi kwamba mwandishi wa habari mzima, tena niliyemaliza chuo kikuu, nimekosa kazi ya kufanya. Leo nataka nijibu mara moja yaishe. Ila jibu lenyewe linaanzia mbali, zaidi ya miaka 300 nyuma, kwa hiyo itabidi univumilie.

Dude lenyewe linaitwa banjo. Ni ngozi iliyowambwa kwenye duara la mbao kama ngoma, shingo ndefu kama ya gitaa, na nyuzi tano. Siku hizi "ngozi" yenyewe mara nyingi ni plastiki. Nyuzi nne zinakwenda mpaka mwisho wa shingo, lakini wa tano ni mfupi, umefungwa katikati ya njia, na unapigwa kwa kidole gumba. Huo uzi mfupi uweke akilini, maana ndio ushahidi wa kesi yetu.

Muziki ninaojifunza unaitwa bluegrass. Ni muziki wa kusini-mashariki mwa Marekani, na kama wewe ni mpenzi wa Jim Reeves huwezi kushindwa kuutambua: ni ndugu wa country, ila wenye mbio zaidi. Banjo niliinunua kwa mtu wa Bunda, naye aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa akijitolea huko. Mwalimu wangu ni simu. Usiku bando likiwa rahisi nashusha video mbili tatu, asubuhi kabla ya kwenda kutafuta habari nafanya mazoezi.

Jamani, hao walimu wa mtandaoni wanafundisha! Kamera inawekwa karibu kabisa na mkono wa kulia. Unavaa vikucha vitatu, kimoja cha gumba, kimoja cha kidole cha shahada, kimoja cha kidole cha kati. Kisha unafundishwa kinachoitwa "roll", yaani mzunguko wa mapigo manane ambao vidole vinapokezana bila kimoja kurudia mara mbili mfululizo. Ukiona mwalimu anakwenda kasi unapunguza mwendo wa video hadi nusu, unamtazama kidole kwa kidole. Hakuna ada na hakuna fomu ya kujiunga. Mtu wa North Carolina anamfundisha mtu wa Mwigobero ambaye hatamwona maishani.

Sasa tuje kwenye historia. Ukimuuliza mtu yeyote banjo ni ya nani, atakuambia ni ya wazungu wa milimani Marekani, wazee wenye ndevu wamekaa barazani. Ndivyo sinema zilivyotufundisha. Ukweli ni kwamba banjo ni chombo cha Waafrika waliopelekwa utumwani. Mwaka 1687 daktari Mwingereza, Hans Sloane, alikuwa Jamaica akawaona watumwa wakipiga vyombo vya vibuyu vilivyowambwa ngozi, na mwaka 1707 akachapisha kitabu chenye mchoro wake. Karne hiyo hiyo ya 18, Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani na yeye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika kwamba chombo cha watu weusi ni "banjar" na kwamba walikitoa Afrika. Wakati huo jambo hilo halikuwa siri kwa mtu.

Hebu fikiria mazingira yenyewe. Baada ya uasi wa watumwa wa mwaka 1739 kule South Carolina, sheria ya mwaka 1740 ilipiga marufuku ngoma na mabaragumu, maana mabwana waliogopa watumwa wasije wakaitana kwa milio hiyo. Mtu amenyang'anywa jina, lugha, mke na watoto, halafu ananyang'anywa na ngoma. Huyo huyo anachukua kibuyu, ngozi na kipande cha mti, anatengeneza tena chombo cha kwao kwa kukumbuka tu. Sisi tunasema mwacha mila ni mtumwa. Hawa walikuwa watumwa kwelikweli, wenye minyororo, na mila hawakuiacha.

Kwao ni wapi? Hapa usije ukakimbilia kusema Tarime. Watumwa wengi waliofika upande ule wa dunia walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, na huko Magharibi ndiko ndugu wa banjo waliko mpaka leo. Yuko Mgambia mmoja, Daniel Laemouahuma Jatta, wa kabila la Wajola. Akiwa mwanafunzi Marekani miaka ya 1970 alisikia banjo, akakumbuka chombo cha nyumbani kwao kinachoitwa akonting. Alirudi kujifunza kwa wazee wake, na mwaka 2000 akakipeleka Marekani mbele ya wakusanyaji wa banjo za kale. Akonting ina kibuyu, ngozi, mti mrefu na nyuzi tatu, na mmoja kati ya hizo ni mfupi, wa kidole gumba! Halafu namna ya kupiga, kushusha ukucha kwenye uzi kisha gumba linadaka ule mfupi, ni ile ile ya banjo za zamani. Nadhani sasa umenipata kwa nini nilisema uzi ule ni ushahidi.

Ilikuwaje basi ikageuka mali ya wazungu? Miaka ya 1830 alitokea mzungu wa Virginia, Joel Walker Sweeney, aliyejifunza kwa watu weusi akaanza kuipiga majukwaani. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels lilianza maonyesho New York, wazungu waliojipaka masizi ya vizibo vilivyochomwa usoni, wakiimba na kujifanya watumwa wapumbavu. Watu walilipa kiingilio kuja kucheka, na michezo ya namna hiyo iliendelea kwa miongo mingi, banjo ikiwa katikati ya dhihaka. Usishangae kwamba Waamerika weusi wengi waliiweka chini wakashika gitaa. Nani anataka kupiga chombo ambacho kila kikilia watu wanakumbuka tusi?

Lakini hawakuiacha wote. Kule North Carolina wapigaji weusi waliendelea vijijini, na wazungu majirani zao waliipiga kwa mapenzi ya kweli, si kwa dhihaka. Katika jimbo hilo hilo alizaliwa Earl Scruggs mwaka 1924. Desemba 1945 alijiunga na bendi ya Bill Monroe kule Nashville, akiwa na mtindo wake wa vidole vitatu, na hapo ndipo banjo ya bluegrass tunayoijua ilipopata umbo. Monroe mwenyewe hakuficha kwamba utotoni Kentucky alijifunza mengi kwa mpiga gitaa mweusi aliyeitwa Arnold Shultz.

Jambo lililonigusa mimi ni jinsi vijana walivyojifunza mtindo wa Scruggs. Shule hazikuwepo. Walichukua santuri ya mwendo wa 33, wakaizungusha kwa mwendo wa 16, muziki ukaenda nusu na sauti ikashuka, wakadaka sauti moja moja. Mwaka 1968 Scruggs alitoa kitabu cha kufundisha mtindo huo. Baadaye zikaja kanda, mikanda ya video, na tangu mwaka 2005 YouTube. Kwa hiyo ninaposhusha mwendo wa video pale kwangu Musoma, nafanya kile kile walichofanya wale vijana na santuri zao. Chombo kiliishi kwa sababu kila kizazi kilipata njia ya kutazama vidole vya waliotangulia.

Siku moja nilikuwa stendi ya Bunda nasubiri gari, sanduku liko wazi, mzee mmoja akaja akasimama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akagonga ile ngozi kwa kidole. "Kijana wangu, hili ni litungu la wazungu?" Nilicheka, lakini mzee alikuwa ameona kitu. Kwa asiyelijua, litungu ni chombo cha Wakurya wa huku kwetu Mara. Lina bakuli kubwa la mti uliochongwa, ngozi juu yake, mikono miwili ya mti na mti mwingine umelazwa juu, na nyuzi nane zenye mlio mzito. Halina shingo, kila uzi una sauti yake, kwa hiyo si ukoo mmoja na banjo. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, ambayo vijana wa Kenya waliihamishia mapigo yake kwenye gitaa na kuzaa benga. Ila ngozi ni ngozi, na siku hizi hata akonting na nyatiti zinafungwa nyuzi za nailoni za kuvulia samaki, kama zile zinazouzwa kwa wavuvi wetu.

Mwaka 2005 mpiga banjo mkubwa wa Marekani, Béla Fleck, alikuja Afrika kufuata asili ya chombo chake. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, na kwetu alipiga na Anania Ngoliga na familia ya Zawose. Filamu ya safari hiyo ilitoka 2008, jina lake likitokana na Bagamoyo, yaani bwaga moyo. Albamu ilitoka 2009, na mwaka 2010 ikapata tuzo ya Grammy. Kati ya majina yaliyomo yumo Warema Masiaga Cha Cha, na mtu wa Mara hahitaji kuambiwa jina hilo limetoka upande gani. Wazungu walivuka bahari kumtafuta. Sisi tunapanda gari asubuhi tunafika Tarime mchana, na hatuendi.

Nilitafuta mtandaoni masomo ya litungu kwa Kiswahili, kwa subira ile ile niliyotafutia ya banjo. Nilikuta video za sherehe: vumbi, njuga, watu wanashangilia, mpigaji anaonekana kwa mbali mgongo tu. Somo la mtu aliyekaa chini akaonyesha uzi huu unaitwaje, unakazwaje, kidole kipi kinaanza, sikulipata. Nyimbo zikirekodiwa ni vizuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis kule Kericho wakiimba juu ya "Chemirocha", ambaye ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country waliyemsikia kwenye santuri, na katika muongo wa 2010 sauti zile zilirudishwa kwao kutoka maktaba ya Afrika Kusini. Lakini wimbo uliorekodiwa hauonyeshi vidole.

Nilikuwa Butiama kikazi hivi karibuni, nikayawaza haya pale Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu. Desemba 1962, akilihutubia Bunge mara baada ya nchi kuwa Jamhuri, aliwasikitikia wasomi waliofundishwa kucheza rumba na chachacha lakini gombe sugu na mangala hawazijui, akaunda wizara ya utamaduni. Kuna watakaosema maneno hayo ananisuta mimi na banjo yangu. Nakataa. Banjo ndiyo iliyonipeleka kwa mzee wa litungu.

Maana nimempata, yuko Tarime. Nilimweleza kwamba nataka kumrekodi mikono, hatua kwa hatua, watu wajifunze bure. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mimi nilimchungia mtu ng'ombe ndipo akanifundisha. Hao wa bure watanichungia nini?" Swali zito. Walimu wangu wa banjo wanaofundisha bure wanapata kitu kupitia matangazo, vitabu na masomo ya kulipia. Mzee wa Tarime akitoa bure, anabaki na nini? Mababu wa banjo walishatoa bure, na tumeona jina lao lilivyofutwa.

Tumekubaliana hivi. Jina lake litatajwa mwanzo na mwisho wa kila somo, atakaguliwa yeye kwanza kabla ya kuwekwa hadharani, na kikipatikana chochote ni chake. Kila nikienda namlipa siku yake, kama anavyolipwa fundi yeyote. Somo la kwanza litakuwa la kukaza nyuzi zote nane na jina la kila uzi kwa Kikurya.

Wewe unayesoma, kama una babu au mjomba anayepiga litungu, zeze au chochote, simu si unayo? Nenda kamwamkie. Usimpige picha ya uso ukaondoka. Kaa upande wake wa kulia, elekeza kamera kwenye vidole, mwombe apige polepole, halafu umuulize anataka nini kwa kazi yake.

Haya, na wale wa sufuria lenye mkia nadhani nimewajibu.