Al-Biruni na Milango ya Masultani

Wazee wetu wakisikia kijana fulani ameamua kufanya utafiti wa elimu kuwa ndiyo kazi yake ya maisha, aghlabu huuliza swali moja: atakula nini? Wala si swali la kijinga. Mtafiti hana bidhaa ya kuuza leo. Kazi yake yamkini itazaa baada ya miaka 10, au baada ya yeye kufukiwa, na muda wote huo ana tumbo, ana nyumba, na ana mtu juu yake ambaye ndiye mwenye ufunguo wa hazina. Wanachuoni wa kale waliijua dhiki hii vizuri, na miongoni mwao hapana aliyeionja kama Abu Raihan Al-Biruni. Ukubwa wa elimu yake umekwisha semwa sana. Hapa tutazame namna alivyoiendesha kazi yenyewe kwa zaidi ya miaka 50.

Alizaliwa mwaka 362 wa Hijra, sawa na 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo katika Uzbekistan. Alisomeshwa na Abu Nasr Mansur bin Iraq, bingwa wa hisabati na mtu wa nyumba ya kifalme ya huko. Alipokuwa na umri wa miaka kama 17 alikwisha pima kimo cha jua la adhuhuri na kujua kwayo mji wake uko umbali gani kaskazini ya ikweta. Kisha mwaka 995 vita vikazuka, nyumba ile ya kifalme ikapinduliwa, na kijana akakimbia akiwa ndio kwanza anaanza kupima jua kwa pete kubwa yenye upana wa dhiraa 15.

Akaangukia Rayy, karibu na Tehran ya leo, hana mlezi wala mali. Anasimulia mwenyewe kuwa mnajimu mmoja wa mji ule alimdharau katika mas-ala ya elimu kwa sababu ya ufukara wake. Na hali yake ilipotengenea, mtu yule yule akawa rafiki. Huko Rayy alikuwako Al-Khujandi, aliyejengewa na mtawala chombo kikubwa mno cha kupimia jua. Al-Biruni akapata habari kwa mwenyewe Al-Khujandi kuwa jengo lile lilikuwa limetitia kwa kadiri ya shibiri moja, na hesabu ikaharibika. Chombo cha fedha nyingi nacho huzama.

Tarehe 24 Mei 997 yuko tena Kath. Alikuwa amekwisha patana na Abul-Wafa, mnajimu mkubwa wa Baghdad, kuwa usiku ule kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi na aandike saa yake. Mwezi unapopatwa, watu wote wanaouona huliona jambo hilo kwa wakati mmoja. Lakini saa za miji hazilingani, kwa kuwa jua huchomoza mashariki kwanza. Kila saa moja ya tofauti ni nyuzi 15 za mzunguko wa dunia. Hivyo watu wawili, walio mbali kwa safari ya majuma mengi, wakapima umbali wa miji yao kwa barua na subira. Ukimbizi haukumkatia Al-Biruni barua zake.

Kisha akaenda Jurjan kwa Amir Qabus, na huko, yapata mwaka 1000, akamtungia kitabu kikubwa cha tarehe na kalenda za mataifa. Baadaye akarejea kwao, akawa mshauri wa Khwarazm-Shah. Kazi hii ya siasa hakuipenda. Alisema kuwa wajinga walimhusudu kwayo na wenye akili walimhurumia. Mwaka 1017 mfalme wake akauawa, Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka nchi, na Al-Biruni, mwenye miaka 44, akachukuliwa Ghazna pamoja na mwalimu wake Abu Nasr. Wanahistoria hawaafikiani kama alikuwa mgeni au mateka. Lakini ukimsoma, huoni mtu aliyekwenda kwa hiari.

Na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Mwezi wa Oktoba 1018 alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul, katika dhiki ambayo mwenyewe ameilalamikia sana. Hana chombo hata kimoja. Akageuza ubao wake wa hesabu, akachora mgongoni mwake robo ya duara, akaigawa nyuzi, akatundika timazi, akapima jua. Watu hupenda zaidi kisa cha Sultani Masud, mwana wa Mahmud, kuwa alimpelekea mzigo wa fedha wa tembo mzima kwa kitabu chake cha falaki, naye akaurudisha hazina. Kisa ni kizuri, lakini ubao ule una mafunzo zaidi kwa anayengoja apewe vyombo ndipo aanze.

Vita vya Mahmud vilimfungulia India. Akiwa amepita miaka 40 akaanza kujifunza Kisanskriti, na anakiri kuwa lugha ilimlemea. Alitoa mali yake kukusanya vitabu vyao na kuwatafuta wajuzi wao hata wa mbali. Kitabu chake juu ya India kikatoka yapata mwaka 1030, na ndani yake sisi watu wa pwani tumo: anasema hekalu la Somnath lilipata umaarufu kwa kuwa lilikuwa bandari ya mabaharia wapitao baina ya Sofala ya Zanji na China.

Somnath ndilo hekalu ambalo Mahmud alilivunja mwaka 1026, na washairi wa baraza yake waliimba sifa za ushindi huo. Al-Biruni, aliyekula katika nyumba ile ile, aliandika kuwa Mahmud aliharibu neema ya nchi ile, akawatawanya Mabaniani kama vumbi, na kwamba ndiyo sababu elimu zao zimekimbilia mbali, mahali ambapo mikono yetu haifiki. Ni kweli kuwa Mahmud alikuwa amekwisha kufa au yu karibu na kufa maneno hayo yalipoandikwa, na mwenye kutaka kumlaumu Al-Biruni atasema alingoja. Mimi naona kungoja ni bora kuliko kuandika uongo. Tena dola ilikuwa bado ya wanawe, na mshahara wake ulitoka kwao.

Mwaka 427 wa Hijra, 1036, akakaa akaandika orodha ya vitabu vya tabibu Ar-Razi, na baada yake orodha ya vyake mwenyewe: zaidi ya 100, pamoja na vile ambavyo havijesha, akivitaja kuwa havijesha. Vingi vimepotea, na kama si orodha ile tusingevijua hata majina. Macho na masikio yalipodhoofu, akiwa karibu na miaka 80, alianza kitabu cha dawa kwa msaada wa tabibu mmoja, kikabaki katika rasimu.

Akafa Ghazna karibu na mwaka 440 wa Hijra, au baada yake kidogo. Yaqut amepokea habari ya faqihi mmoja aliyekwenda kumzuru naye yumo katika kukata roho. Al-Biruni akamkumbusha mas-ala ya mirathi ya mabibi waliyowahi kuzungumza, akataka amweleze tena. Faqihi akamwonea huruma: katika hali hii? Akajibiwa kuwa ni heri kuiaga dunia hali analijua jambo hilo kuliko kuiaga halijui. Basi faqihi akamweleza, naye akayahifadhi. Faqihi akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio kutoka nyumba ile.