Kabla Hujasaini Hiyo Karatasi ya Ualimu

Wasee, leo nataka tuongee juu ya kitu kinaonekana kuboo kabisa: orientesheni ya walimu. Si ile ya mafresha wa miaka 18 wanaozungushwa chuoni wakionyeshwa mesi. Naongelea ile ya watu wazima. Mtu ako na digrii yake tayari, ya kemia ama ya uchumi, ametembeza bahasha Nairobi miaka mitatu bila kazi, kisha anaamua heri akafundishe. TSC hawamchukui hivyo hivyo. Lazima arudi darasani asomee stashahada ya uzamili ya elimu, ile tunaita PGDE, karibu mwaka mmoja, ndani yake kukiwa na muhula wa kwenda shule kufanya mazoezi ya kufundisha.

Cuzo wangu mmoja kutoka hapa Matuu ameanza mwaka huu, kwa chuo kimoja cha Kikristo ambacho sitataja. Ako na miaka 29, ako na mtoto, ameshawahi kuajiriwa na kufutwa. Siku ya kwanza walianza na maombi, wakasikia hotuba ya mkuu wa kitivo, wakaelezwa karo inalipwa vipi, wakaonyeshwa maktaba. Halafu ikaja karatasi ya kurasa mbili ya kusaini. Mavazi, pombe, ibada za katikati ya wiki, na sentensi moja ndefu kwamba utaishi maisha yanayolingana na imani ya chuo. Alinipigia jioni akaniuliza, "Sasa hii inanishika mpaka wapi?"

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo hakuwa anauliza wakili. Lakini historia naipenda kuliko watu wengi walio na vyeti vyake, na nilipoanza kuchimba nikapata hiyo karatasi ina mababu.

Tuanze karibu na nyumbani. Africa Inland Mission waliingia Ukambani mwishoni mwa 1895. Peter Cameron Scott na wenzake walipanda kutoka Mombasa wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, leo ni Makueni. Desemba 1896 Scott alikuwa ameshakufa kwa homa. Jina lake liko mpaka leo Machakos mjini, Scott Christian University, iliyoanza 1962 kama chuo cha theolojia. Shule za hao wamishenari wa mwanzo zilikuwa za kusomea Biblia, na mwalimu alikuwa kijana aliyewapita wengine kidogo tu kwa kusoma. Upande wa Wakikuyu, Mkristo aliitwa muthomi, yaani msomaji. Kusoma na kuamini kulikuwa kitu kimoja. Kwa hivyo huyo kijana hakuulizwa sana kama anajua kufundisha. Aliulizwa kama amebatizwa, ako na wake wangapi, na kama amewacha pombe.

Kwa Kikamba mwalimu ni mumanyisya, anayemfanya mtu ajue. Misheni ilitaka zaidi ya hapo. Ilitaka mtu ambaye kijiji kikimwangalia, kinaona dini inatembea.

Sasa hapa ndipo inakuwa tamu. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuangalia elimu ya Mwafrika. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na ndani yake kulikuwa na James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Walipendekeza mtindo uliokuwa ukitumika kusini mwa Marekani kwa shule za watu weusi vijijini. Mama mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, alikuwa ametoa dola milioni moja kwa shule hizo kabla hajafa 1907, na walimu waliozunguka kusaidia shule hizo wakaitwa walimu wa Jeanes. Kenya ikaiga. Mwaka wa 1925 Jeanes School ikafunguliwa Kabete kwa msaada wa pesa za Carnegie, na mkuu wake wa kwanza akawa James Dougall, aliyekuwa katibu wa ile tume.

Fikiria orientesheni ya Kabete. Mwalimu alitumwa na misheni yake, na hakuja peke yake. Alikuja na bibi na watoto. Walipewa nyumba na shamba dogo. Mwanaume alijifunza kusimamia shule za vijijini, ukulima, choo safi, maji safi. Mwanamke alijifunza malezi, afya ya mtoto, kushona. Wakimaliza wanarudi mashinani, na nyumba yao yenyewe inakuwa somo. Jirani anapita anaona dirisha, anaona kitanda cha mtoto, anaona mboga zimepandwa kwa mstari.

Manze, mimi nikisoma hii nashikwa na hisia mbili zinazopigana. Kuna kitu kizuri pale. Mtu alijua kwamba mwalimu ako na familia. Cuzo wangu ameingia PGDE na hakuna mtu siku hiyo aliuliza mtoto ataachwa na nani akienda mazoezi ya kufundisha Garissa ama Kitui. Walimuuliza sketi. Kabete ya 1925, pamoja na ukoloni wake wote, ilikuwa na nyumba ya kukaa na watoto.

Lakini hisia ya pili ndiyo kubwa. Mtindo huu ulipikwa kwa ajili ya watu waliotakiwa wabaki shambani. Wazazi wa Kenya walikuwa wanataka Kiingereza, hesabu na mitihani, mambo ambayo yangempeleka mtoto ofisini, na serikali inawajibu kwa kuwafundisha namna ya kupanda kabeji. Na kwa mwalimu mwenyewe, kila kitu chake kilikuwa wazi kukaguliwa: bibi, jikoni, choo. Hakukuwa na mahali kazi inaishia na maisha yako yanaanzia.

Miaka minne tu baadaye, hiyo ikalipuka.

Mwaka wa 1929 misheni ya Kanisa la Scotland, AIM na misheni nyingine waliamua kumaliza tohara ya wasichana kati ya Wakikuyu. Niseme wazi ili mtu asinielewe vibaya: mimi siungi mkono hiyo kitu hata kidogo, na Kenya imeipiga marufuku kwa sheria ya 2011. Lakini angalia njia waliyotumia. Walimu na wafanyakazi wa kanisa waliletewa karatasi. Ukubali kuikana tohara, na pamoja nayo ujitenge na Kikuyu Central Association, chama cha siasa kilichokuwa kinadai ardhi. Mambo mawili tofauti kabisa, sahihi moja. Wasiojua kuandika waliweka kidole gumba, na ndiyo maana waliokubali wakaitwa kirore, alama ya kidole. Ukikataa, kazi imeisha na nyumba ya misheni unahama.

Wengi walikataa. Shule nyingi za misheni zikabaki na madawati matupu kwa muda. Na wale walimu waliofukuzwa hawakwenda kulala. Wao pamoja na wazazi walianzisha shule zao wenyewe, zile za KISA na za Karing'a, bila mzungu na bila karatasi yake.

Hizo shule zikapata shida ambayo kila anayefungua shule huipata: walimu watatoka wapi? Hapo ndipo anaingia Mbiyu Koinange. Alikuwa amesoma Marekani, kwanza Hampton huko Virginia, baadaye Columbia. Hampton, wasee, ndiyo ile shule ambayo Thomas Jesse Jones alifanya kazi kabla hajaja kutuambia tulime. Jamaa amekunywa maji ya kisima kilekile akarudi na mawazo mengine kabisa. Mwaka wa 1939 alifungua chuo cha walimu Githunguri. Pesa zilitoka kwa wananchi, marika yakishindana kuchanga. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza 1946 aliingia hapo, na baadaye akawa ndiye mkuu wa chuo.

Hata kwetu Ukambani upepo huo ulivuma. African Brotherhood Church ilizaliwa 1945, na makao yake makuu yako Mitaboni mpaka leo. Watu walitaka kumtumikia Mungu bila kuomba ruhusa ya misheni.

Githunguri haikudumu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, chuo kikafungwa, na baadaye pale pale pakawa mahali pa kunyongea watu. Soma hiyo tena polepole: chuo cha walimu kikawa mahali pa kitanzi. Na kama unafikiri hiyo ni hadithi ya Kiambu, nenda ukaangalie Mfereji wa Yatta, ule unaoleta maji ya mto Thika mpaka mashamba yetu ya nyanya na mishiri hapa Matuu. Ulichimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau. Sisi tunaishi kwa jasho la hali ya hatari kila siku, tunaoshea nayo vyombo, na shuleni sikumbuki mtu akituambia.

Uhuru ulipokuja, mambo yaligeuka kwa njia ambayo ungeandika kwa filamu watu wangesema umezidisha. Kambi ya jeshi la Uingereza pale Kahawa ilikabidhiwa serikali 1965, ikawa Kenyatta College, chuo cha walimu, kwa jina la yule mzee wa Githunguri. Ukitoka Matuu na matatu ya Nairobi unaipita mkono wa kulia ukishaacha Ruiru. Ndiyo Kenyatta University ya leo.

Lakini kwa swali la cuzo, kitu kikubwa zaidi kilitokea ofisini. Walimu walikuwa wameunda KNUT tangu 1957, na dai lao moja kuu lilikuwa wapate mwajiri mmoja, waache kuwa watu wa misheni hii ama wa halmashauri ile. Mwaka wa 1967 wakapata: Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Sheria ya elimu ya 1968 ikayaacha makanisa kuwa wafadhili wa shule, wakiwa na sauti juu ya mambo ya dini, lakini barua ya kazi haitoki kwao tena. Yaani ilichukua karibu miaka arobaini kutoka kirore mpaka mwalimu wa Kenya aweze kugombana na padri ama pasta na bado alipwe mwisho wa mwezi.

Halafu, polepole, makanisa yakarudi kupitia mlango mwingine: vyuo vikuu. Baraton ilipata hati yake 1991, Catholic University 1992, Daystar 1994, na hiyo ya mwisho iko na kampasi Athi River, kaunti yetu hii. Sisemi hii kwa ubaya. Serikali haikuwa na nafasi za kutosha, hawa wakajenga. Shosho yangu alijua kusoma kwa sababu ya misheni, na mimi sitakaa hapa nijifanye hiyo haina maana. Chuo cha kanisa kina haki ya kuwa na sheria za nyumba yake. Ukiingia kwa mtu ukakuta wanavua viatu mlangoni, unavua.

Shida yangu ni pale ambapo mtu wa miaka 29 anapewa karatasi ileile ya mtoto aliyetoka form four juzi, na anaisaini kwa foleni bila kusoma kwa sababu nyuma yake kuna watu sitini. PGDE inakupeleka kwa kazi ya umma. Darasani kwako kutakuwa na Mwislamu kutoka Garissa, Mkatoliki, mtoto wa ABC, na mmoja asiyeamini kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe kazi wala nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na asilazimishwe kufanya jambo linalopingana na imani yake. Wale wa 1929 hawakuwa na hicho kifungu. Walikuwa na kidole gumba peke yake.

Kwa hivyo nilimwambia cuzo afanye kile ambacho wale walimu hawakupewa nafasi ya kufanya: atenganishe. Ahadi ya kutolewesha hosteli ni kitu kimoja. Ahadi juu ya nyumba yako ya kukodi, ndoa yako, chama chako cha siasa, ni kitu kingine, na kama zimewekwa kwa sahihi moja uliza kwa nini. Uliza hiyo karatasi inaisha lini, siku ya kuhitimu ama inakufuata. Uliza nani anaamua umeivunja, na kama kuna rufaa. Uliza kama inaweza kukunyima barua ya kwenda mazoezi ya kufundisha, kwa sababu bila mazoezi hakuna cheti, na bila cheti hakuna namba ya TSC. Na ukiwa hapo, uliza kuhusu mtoto pia, nani anapanga shule za mazoezi na kama wanaangalia mtu anaishi wapi. Uliza siku hiyohiyo, kabla ya chai ya saa nne, kwa sababu baada ya chai watu wote hukimbilia foleni ya kupigwa picha ya kitambulisho na hakuna mtu wa ofisi atakuwa na nguvu ya kukujibu.