Kwa nini spika za gari ni omu 4, na matatu ya mjomba ilivyonusurika

Leo naweka programu kando, tuongee habari ya spika na amplifaya za gari. Wengi mtasema hiyo ni kazi ya fundi wa muziki. Nami nilidhani hivyo.

Mjomba wangu ana matatu ya abiria 14 inayotoka Voi, inapitia Maungu na Buguta hadi kwetu Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Alipofunga muziki mpya, wufa mbili na amplifaya chini ya kiti cha nyuma, fyuzi ilikuwa inakatika kila siku. Fundi akachoka, akaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Jioni moja tumeshapita Buguta, gari likajaa harufu ya mpira unaoungua. Moshi ulikuwa unatoka chini ya kiti alichokalia mama mwenye mtoto mgongoni. Makanga alifungua mlango gari halijasimama vizuri, mjomba akang'oa waya wa betri kwa mkono. Sote tukashuka salama.

"Mjomba, hiyo amplifaya ni feki?" nikamuuliza.

"Feki kabisa. Imeandikwa wati elfu moja!"

Haikuwa feki. Ili kuelewa, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1930, kampuni ya Paul Galvin ya Chicago ilianza kuuza redio ya gari iliyoitwa Motorola. Redio za enzi hizo zilitumia valvu, na valvu inataka volti nyingi kuliko zinazotoka kwenye betri ya gari. Upande wa pili, kati ya valvu na spika, palikuwa na transfoma. Valvu inatoa volti nyingi na mkondo kidogo, spika inataka volti chache na mkondo mwingi, na transfoma inakaa katikati kuwapatanisha. Mimi naiita mshenga.

Halafu zikaja transista. Mwaka 1955 Philco na Chrysler walitoa redio ya gari ya transista tupu. Transista inaridhika na volti za betri, na baada ya muda watengenezaji wakaona yule mshenga ni mzito na anakula pesa. Wakamwondoa. Tangu hapo spika na amplifaya wanakutana uso kwa uso, na ukikosea kuwaoanisha hakuna wa kuamua ugomvi.

Hapo ndipo omu 4 zinapoingia. Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Betri ni volti 12, injini ikinguruma ni kama 14.4. Volti huwezi kuziongeza, basi unapunguza omu. Ndiyo maana spika nyingi za nyumbani ni omu 8 na za gari ni 4. Chukua chipu ya TDA2003, iliyoundwa kwa ajili ya redio za gari: kwa volti 14.4 inatoa wati 6 kwenye omu 4, na wati 10 kwenye omu 2. Wati sita, jamani!

Kenya hesabu hizi zilikuja na matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila leseni maalumu, zikawa nyingi, na ukigombania abiria unahitaji kivutio. Redio ilikuwa ya serikali peke yake hadi stesheni binafsi za FM zilipoanza mwaka 1996, hivyo kanda ndizo zilizotawala barabarani. Mwenye mdundo mzito ndiye anayejaza kwanza.

Na soko likaleta maboksi yenye namba kubwa. Umeona redio imeandikwa "50W x 4"? Piga 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4: unapata karibu 52. Namba hiyo ni ya sauti iliyopondwa hadi mawimbi yamekuwa mraba, na hakuna anayeweza kusikiliza hiyo. Muziki safi, hata kwa hesabu ya kitabuni, hauzidi wati 26 kwa chaneli. Marekani waliweka sheria ya kutangaza wati mwaka 1974, lakini ya vyombo vya nyumbani tu. Magari yalisubiri hadi 2003, kipimo cha CEA-2006 kilipotoka, nacho ni cha hiari.

Sasa amplifaya ya mjomba. Hizi za chini ya kiti zina saketi ya kuinua volti za betri, yaani mshenga amerudi. Ila amerudi upande wa betri tu. Upande wa spika bado hakuna mtu. Na fundi alikuwa amebriji, yaani ameunganisha chaneli mbili ziwe moja, kisha akafunga wufa mbili za omu 4 sambamba. Hiyo ni omu 2. Kibati cha nyuma kiliandikwa wazi: ukibriji, usishuke chini ya omu 4. Mkondo ukawa karibu maradufu, fyuzi ikakatika kama ilivyotakiwa, ikaadhibiwa kwa kusema kweli.

Tulinunua amplifaya nyingine kama ile, ya zamani haikuwa na uhai. Nikafunga wufa kwa mfululizo, omu 8, nikarudisha fyuzi ya kiwango chake.

"Utaniua biashara," mjomba akasema. "Wati zimekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba ukikata wati nusu unapoteza desibeli 3 tu, na sikio halihesabu kama pochi. Hakuniamini. Tukawasha muziki pale stendi ya Voi, makanga akaenda kusimama mbali, akarudi.

"Mzee, mbona besi iko vilevile?"

Mjomba alinyamaza, akaangalia fyuzi, akaniuliza kama ninayo ya akiba.