Dawa ya Kulinda Donge la Damu

Mgonjwa wa Mbagala au Tegeta anayekwenda Taasisi ya Mifupa (MOI), pale Muhimbili, kubadilishiwa nyonga anaweza kupewa dawa mbili zinazohusu damu. Ya kwanza, asidi ya traneksamiki, huchomwa kwenye mshipa kabla ngozi haijachanwa, mara nyingi gramu 1. Ya pili huja baada ya upasuaji, damu isigande kwenye mishipa ya miguu. Ndugu wakiambiwa kwamba ya kwanza inagandisha damu na ya pili inazuia isigande, lazima washangae.

Kosa liko kwenye maelezo hayo. Traneksamiki haigandishi damu. Mwili wenyewe ndio unaogandisha: nyuzi za protini iitwayo fibrini hujisuka wavu juu ya jeraha na kunasa chembe za damu. Baadaye kimeng'enya kiitwacho plasmini huzikatakata nyuzi hizo, donge likayeyuka. Upasuaji wa viungo huamsha myeyuko huo mapema mno. Kwenye goti, daktari hufunga mkanda wa kubana paja ili afanye kazi pasipo damu; mkanda ukifunguliwa, damu inarudi na myeyuko unashika kasi, kidonda kikaendelea kuvuja saa kadhaa baada ya kushonwa. Traneksamiki huzuia plasmini na chanzo chake, plasminojeni, visishike uzi wa fibrini. Visiposhika, uzi haukatiki.

Kwa hiyo mimi nasema "dawa ya kulinda donge la damu", na vitabuni kundi zima liitwe "vizuiamyeyuko". "Dawa ya kukata damu" ni jina rahisi kutamka, ila halimwambii mgonjwa kinachotokea.

Istilahi hii haiwahusu madaktari wa mifupa peke yao. Utako na Shosuke Okamoto wa Japani, walioitangaza dawa hii mwaka 1962, walikuwa wakiwafikiria wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Mwaka 2017 utafiti wa WOMAN, uliohusisha wanawake 20,060, wakiwemo wa Tanzania, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa 3. Mkunga wa Temeke au Mwananyamala analihitaji jina hili kama daktari wa nyonga.

Na damu ya kuongezewa mgonjwa kwetu mara nyingi ni ya kuchangiwa na ndugu. Kijana mwenye selimundu, ambaye kichwa cha mfupa wa paja lake kimekufa kwa kukosa damu, huingia chumba cha upasuaji akiwa na damu pungufu tayari. Kwake kila mfuko wa damu una uzito. Lakini aliyewahi kupata donge kwenye mshipa wa mguu au mapafu amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa hii haichagui: hulinda hata donge lisilotakiwa.