Kabla hujanunua pikapu ya kizamani, uliza nani atakaa nyuma

Siku hizi huwezi kupitisha kidole kwenye simu dakika tano bila kukutana na hiyo video. Kijana wa umri wetu, Peugeot 504 pikapu iliyopakwa rangi upya, rimu zinang'aa, wimbo wa zamani kwa mbali, halafu anaandika: gari letu la kila siku, mimi, wife na watoto. Na sisi wote tunamwaga moto kwa komenti. Mimi pia nabonyeza moyo, sitadanganya. Hiyo gari ni safi.

Lakini mimi wazazi wangu mmoja ni wa Kisii, mwingine wa Nyamira, na kwetu Pijo si pambo. Ina historia, na ukiijua vizuri unaanza kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye video.

Kwanza, kwa nini Pijo na si gari lingine? Jibu ni tope. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa ikikimbizwa wakati wa Pasaka, mvua ndefu ikiwa imeiva. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na ule wa 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki ndani ya 404. Halafu 504 ikachukua 1975 na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. (Ya 1978 ilikuwa ile coupé ya V6, najua, msinisahihishe.) Fikiria wewe ni mkulima wa Nyansiongo enzi hizo, unasikiliza matokeo kwa redio. Hilo ndilo tangazo la gari. Ukishasikia limetoka kwenye tope la mashindano, unajua la kijijini litaliweza.

Sasa ingia Gusii yenyewe. Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza, pamoja na Meru na Embu, ambako serikali ya mkoloni iliruhusu Waafrika kupanda kahawa miaka ya 1930. Baadaye ikaja pareto, ikaja majani chai. Pesa zikaingia, lakini mashamba yalikuwa madogo na yalizidi kugawanywa kila kizazi. Leo Kisii ina zaidi ya watu 1,266,000 na Nyamira zaidi ya 605,000, kwa hesabu ya 2019, kwenye vilima ambavyo ukisimama Keroka unaona boma juu ya boma. Mtu wa ekari moja au mbili hajazi lori. Anajaza kitu kidogo: mikungu kadhaa ya ndizi, magunia ya mahindi, mbao, ng'ombe mmoja wa kupeleka sokoni. Pikapu ya 504, iliyotoka 1979 kuchukua nafasi ya ile ya 404, ilibeba zaidi ya tani moja. Ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha shamba la Mgusii, ingawa hakuna Mfaransa aliyekuwa anatufikiria sisi.

Ndiyo maana nasema pikapu huku haikuchaguliwa kuwa gari la familia. Ilinunuliwa kama jembe linununuliwavyo. Familia ilikuja ikapanda juu ya kazi.

Na hapo nyuma ndipo stori ilipo. Mbele, kile kiti kirefu kilitosha watu watatu. Mzee anaendesha. Pembeni yake mgeni, au mzee wa kanisa, au mwalimu mkuu aliyeomba lifti. Mama na watoto walikaa nyuma, juu ya magunia, wakishikilia vyuma. Mama yangu alilelewa upande wa Nyamira na babu yake alikuwa na Pijo. Anaikumbuka kwa upendo kabisa, hata harufu ya petroli. Nilipomuuliza kama aliwahi kukaa mbele, alinyamaza kidogo akahesabu. Mara moja. Alikuwa na malaria.

Usidhani hiyo ilikuwa ya kwao peke yao. Mwaka wa 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila zile leseni ngumu za usafiri, na matatu nyingi za enzi hizo zilikuwa pikapu zilizowekewa bodi na mabenchi nyuma. Nchi nzima ilijifunza kukaa nyuma ya pikapu. Ukitaka kujua heshima ya mtu, uliangalia kama anafunguliwa mlango wa mbele.

Halafu 2004. Februari mwaka huo sheria za Michuki zikaanza kufanya kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria kwa idadi ya viti. Na mwaka huohuo ndio uundaji wa 504 hapa Kenya ulikoma. Hayo mawili hayahusiani, ni sadfa tu, lakini ukiyaweka kando kwa kando unaona enzi moja ikifunga duka. Kwetu nafasi ya Pijo ikachukuliwa na Probox, gari lililotoka Japani 2002, na ukweli ni kwamba Probox ndiyo mrithi halali. Inabeba ndizi, inabeba watu, inabeba jeneza. Hakuna anayeiwekea wimbo wa zamani, lakini mpe miaka 20.

Sasa wewe unayetaka kununua. Jua kwamba hizi gari haziongezeki. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo kila 504 unayoiona ni ile iliyobaki humu ndani tangu zamani. Ukikuta ina namba ya herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, ilisajiliwa kabla ya mfululizo wa KAA, na imeshabeba mawe, kuni na harusi za watu wengi kabla yako. Rangi mpya haikuambii chochote. Lala chini, angalia chasisi, gongagonga kwa nyundo ndogo usikie kama chuma kinajibu au kinameguka. Kisii ina mvua karibu mwezi kila mwezi na kutu haina huruma. Kabureta na klachi zisikutishe, mafundi wa kuzishika wapo. Lakini wengi wao ni wazee, na vijana wao wamejifunza kwa kutumia kompyuta ya kusoma makosa, ambayo kwenye Pijo haina mahali pa kuchomekwa.

Bima nayo: kampuni nyingi hazitaki kukuandikia ile kubwa gari likishapita miaka 15 hivi, kwa hivyo unabaki na ya mtu wa tatu. Ukigonga, wa tatu analipwa, wewe unaanza harambee.

Na uendeshaji. Springi za nyuma ni vyuma vilivyolaliana, vimetengenezwa kwa mzigo. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi, na kwa sababu magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, kwenye udongo wetu mwekundu uliolowa inateleza kando kando mpaka uiweke uzito. Wazee waliweka mawe au mifuko ya mchanga. Saa zingine uzito ulikuwa sisi, watoto. Hakuna mifuko ya hewa, na huko nyuma hakuna mkanda hata wa kuigiza.

Hapo ndipo ninapokataa ile video. Anasema "gari la familia" lakini kamera haionyeshi watoto wanakaa wapi. Kama wako wawili, mmoja yuko nyuma. Mwaka wa 1982 mzee hakuwa na chaguo, ilikuwa hiyo au kutembea hadi Kebirigo. Wewe unalo. Ukimrudisha mtoto kwa bodi ya pikapu mwaka huu kwa sababu gari linapendeza, hujafufua historia ya babu yako. Umechukua shida yake ukaiwekea filta.

Kwa hivyo mimi ningenunua? Ndiyo, na bado naweka pesa. Nataka ya dizeli, chasisi nzima, hata kama bodi imebondwa. Itakuwa ya watu watatu, hesabu imeisha: mimi, mke nikimpata, na mtoto mmoja au mama yangu, na mama akiwepo anakaa dirishani. Mtoto wa pili akizaliwa, Pijo inarudi kubeba ndizi, na sisi tunatafuta Probox kama watu wengine wote.