Wakimbiaji wa El Paso na Mpaka wa Horohoro

Msafiri atokaye Tanga mjini kuelekea kaskazini, akaipita mikonge na minazi ya wilaya ya Mkinga, hufika hatimaye Horohoro penye forodha, na ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, nchi ya Kenya, ambako wakazi ni Wadigo vile vile, wenye lugha moja na jamaa zao wa upande huu. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikikata roho, serikali ya Tanzania iliamuru mpaka wake na Kenya ufungwe, wala haukufunguliwa hata Novemba 1983. Na katika miaka hiyo sita na ushei, ambayo mtu wa Horohoro kisheria hakuwa na ruhusa ya kuvuka japo kwenda kumzika nduguye, vijana wa Tanzania na vijana wa Kenya walikuwa wakivaa fulana moja na kukimbilia ushindi mmoja katika chuo kikuu cha mji wa El Paso, jimbo la Texas, ambao nao, kwa ajabu ya mambo, ni mji wa mpakani, unaotazamana na Ciudad Juárez ya Meksiko kwa kutenganishwa na mto Rio Grande.

Desturi ya vyuo vikuu vya Marekani kuwatafuta wakimbiaji wa kwetu ilikuwa imetangulia miaka hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stephen Machooka, Mkenya, alikwisha kukimbia kwa jina la Cornell, chuo kigumu kuingia, mojawapo ya vile vinane vikongwe viitwavyo Ivy League, ambavyo vilikuwa vimeafikiana tangu 1954 kutompa mwanafunzi yeyote fedha za masomo kwa sababu ya mchezo. Vyuo vingine havikufungwa na sharti hilo, na humo ndimo mlimofunguliwa mlango mkubwa: ada, chumba, chakula na vitabu vyote juu ya chuo, kwa kadiri kijana anavyoendelea kukimbia na kufaulu mitihani yake.

Na aliyewachagua ni nani? Aghalabu kocha hakuwa amewaona kwa macho. Alimwuliza mwanafunzi aliyekwisha kumpata kama kwao yuko mwingine wa namna yake, na yule akaandika nyumbani kwa karatasi ile ya bluu ya barua ya ndege, ikunjwayo ikawa bahasha yake yenyewe, isiyokubali kutiwa kitu ndani. Majibu yakarudi na majina, muda uliopimwa, na habari za cheti cha shule. Aliyetangulia akawa mwenyeji wa wanaofuata, kama ilivyokuwa ada ya wasafiri wa majahazi katika bandari za ugenini. Kwa njia hiyo Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, chini ya kocha John Chaplin, kilijaa Wakenya, akiwamo Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81, akiwa angali mwanafunzi.

Katika chuo cha El Paso, kwa kocha Ted Banks, Wakenya na Watanzania walichanganyika. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa pande za Musoma, alikuwako pamoja na Mike Musyoki wa Kenya, na baadaye wakaja Gidamis Shahanga, aliyekwisha kushinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na Zakariah Barie. Katika mbio za nyika huhesabiwa nafasi za watu watano wa mbele wa kila timu, nayo jumla ndogo kabisa iwezekanayo ni 15. Mwaka 1981, katika mashindano ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, El Paso walipata 17. Sijui kama yuko mwanasiasa wa zama zile, wa Nairobi au wa Dar es Salaam, aliyeitazama hesabu hiyo akaona haya.

Mwaka 1980 ulileta kinyume kikubwa zaidi. Marekani ilisusia Olimpiki ya Moscow, na Kenya ikasusia, hata Rono na Musyoki wakabaki. Tanzania ikaenda, na Nyambui, mwanafunzi wa chuo cha Marekani, akatwaa nishani ya fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Filbert Bayi, mwanajeshi ambaye hakupitia njia ya vyuo hivyo, akapata ya fedha vile vile katika mbio za kuruka viunzi na maji. Nishani hizo mbili ndizo pekee Tanzania ilizozipata katika Olimpiki hata leo.

Wamarekani wengi walinung'unika kwamba watu wazima waletwa kushindana na watoto wao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikatia mkazo kanuni ya kumpunguzia miaka ya kushindana mtu aliyeshiriki mashindano rasmi baada ya kutimiza umri wa miaka 20. Manung'uniko hayo hayakukosa ukweli, ila walioyanena hawakusema nani aliyewaandikia barua hao watu wazima.

Pwani yetu haikuwamo. Wakimbiaji wengi wa Tanzania walitoka nyanda za Mbulu na Hanang, walikozoea hewa nyepesi, ilhali Tanga, iliyokuwa na shule ya serikali tangu zama za Wajerumani, iliwapeleka vijana wake kwenye kandanda, kwa Coastal Union na African Sports. Lakini mimi siyakubali maelezo ya hewa peke yake, kwa kuwa mrukaji na mkimbiaji wa mita 400 hahitaji mlima. Kilichokosekana huku ni yule mwenyeji wa kwanza.

Vyuo vya Ivy League havitoi hata leo fedha kwa ajili ya mbio, bali hutoa kwa kadiri ya uhitaji wa mzazi, na mwaka 2023 bingwa wa mbio za nyika za vyuo vya Marekani alikuwa Graham Blanks wa Harvard. Kocha wa huko aweza kulisemea jina la kijana, lakini uamuzi ni wa ofisi ya udahili, ambayo hutazama alama za darasani kwanza. Naye kocha mwenyewe, kabla ya kulisemea, ataka muda uliopimwa katika mashindano yanayotambulikana, juu ya uwanja wenye mita 400 kamili, si ule uliokisiwa kwa hatua kuuzunguka uwanja wa kandanda wa shule.